Aune Pokka na Jumamosi za Profesa

Ndugu waombolezaji, mchungaji wetu, majirani wa Kairalampi, na ninyi wahandisi mliotoka kusini mkaja kukanyaga theluji yetu kwa viatu vya mjini, familia imemwomba Hilja Alakorva, dada mkubwa wa marehemu, aandike na kuwasomea historia hii, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki hai kati ya waliomwona marehemu akitambaa, na pia kwa kuwa angenyimwa nafasi hii angeyasema yote pembeni kwenye kahawa, na huko angesema zaidi.

Kabla ya kuanza, jambo moja lijulikane. Katika safu ya tatu, upande wa dirishani, ameketi Profesa Holger Lagerstam, aliyekuwa mwalimu wa marehemu chuoni Helsinki, mwenye shada la maua meupe magotini, karibu sana Profesa. Juzi alimtuma mchungaji nyumbani kwa wafiwa, kuomba kwamba katika historia hii uwekwe mstari mmoja tu, wa kusema kuwa marehemu na yeye waliagana kwa heri na kwamba marehemu alikwisha kumsamehe. Mchungaji aliyaleta maneno hayo kwa upole, akala mkate wa iliki, akaongezewa, na familia ikamjibu kwamba historia itasomwa tangu mwanzo kama ilivyo desturi, na mstari huo, kama upo, utafika mahali pake.

Marehemu Daktari Aune Siiri Pokka alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 hapa Kairalampi, kaskazini mwa Rovaniemi, mtoto wa tatu wa mzee Isakki Alakorva na mkewe Bi Lempi, na mkunga aliyempokea alisema mtoto huyu ametoka amekunja ngumi, na waliomjua ukubwani wanasema hakuwahi kuzikunjua sawasawa. Alikuwa na miaka sita vita vilipotufukuza, tukatembea na ng'ombe wetu mpaka ng'ambo ya mto, Uswidi, na tuliporudi mwaka 1945 tulikuta nyumba imechomwa, limebaki dohani limesimama peke yake, baba akaanza tena kupigilia mbao.

Mwaka 1948 baba alinunua redio ya betri, na hapo ndipo maisha ya marehemu yalipoanzia hasa, kwa sababu kila mianga ya kijani ilipocheza angani, sauti ya mtangazaji ilififia, ikakoroma, ikapotea, na Aune akawa analia kama aliyenyang'anywa kitu.

"Baba, sauti imeenda wapi?"

"Imepotea njiani."

"Kwani ni ndama?"

"Ni mfano wa ndama," baba akasema, "itarudi ikisikia njaa."

Jibu hilo halikumridhisha, na tangu siku ile alitaka kumjua anayekula sauti za watu.

Elimu ya msingi aliipata hapa kijijini, ya sekondari Rovaniemi, alikofaulu mitihani ya mwisho tarehe 31 Mei 1957, na mwaka huohuo akaingia chuo cha ufundi cha Helsinki kusomea uhandisi wa umeme, wasichana wakiwa wa kuhesabika kwa vidole katika ukumbi uliojaa wavulana wenye kalamu mifukoni. Siku ya kwanza mmoja wao alimsimamisha mlangoni, akamwambia, "Dada, darasa la mapishi liko ng'ambo ya barabara," na marehemu akamjibu, "Nimetoka huko, wamenituma nije niwachukue waliopotea." Kijana huyo alikuja kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, yumo humu leo, naye amekwisha kulia vya kutosha, kwa hiyo hatutamtaja jina.

Alipohitimu mwaka 1962 aliajiriwa katika kiwanda cha transfoma kwenye mji mmoja wa pwani, akawa anachora matumbo ya transfoma, yaani kile kiini cha chuma na zile nyaya za shaba zinazozungushwa juu yake, na wakubwa wa kiwanda walikiri kwamba transfoma alizochora yeye ziliguna kidogo kuliko za wengine, kwa sababu alikuwa na sikio, alikuwa akiweka ubao mdogo wa mti kati ya sikio lake na chuma, anafumba macho, anasema, "Huyu amebanwa upande wa kushoto," wanafungua, wanakuta kweli.

Katika kiwanda hicho watu wa transfoma walinywa kahawa ghorofa ya chini na watu wa mawimbi ya redio walinywa ghorofa ya juu, na tangu kiwanda kianze hawakuwahi kuchanganya vikombe. Aune alibeba kikombe chake akawa anakunywa kotekote, chini akasikia wakilalamika kwamba transfoma za kaskazini zinaguna na kupata moto siku fulani bila sababu, juu akasikia wakilalamika kwamba redio za kaskazini zinakufa siku fulani bila sababu, na hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza kama siku hizo ni zilezile. Yeye aliuliza. Jua linapochafuka, alisema, kwanza linayameza mawimbi ya redio, halafu baada ya muda linaingiza umeme mgeni ardhini, umeme huo unaipanda transfoma kupitia waya wake wa ardhini, chuma kinashiba kupita kiasi, kinaguna, kinaungua, kwa hiyo anayesikiliza redio ikikohoa anaweza kuionya transfoma mapema. Ukiisikia leo unaona ni jambo jepesi, lakini wakati ule lilikuwa la mtu mmoja tu, na mtu huyo yumo kwenye sanduku hili.

Mwaka 1966 alirudi chuoni kulifanyia utafiti, Profesa Lagerstam akiwa msimamizi wake, na kwa kuwa dhoruba za jua zinaonekana vizuri zaidi kwetu, alijenga kibanda cha vipimo nyuma ya zizi la baba, ndani kukawa na kalamu mbili zikichora mchana na usiku juu ya karatasi ndefu, moja ikichora nguvu ya redio ya mbali, nyingine ikichora hali ya transfoma ya kijiji.

Tarehe 22 Juni 1968, wakati wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, marehemu alifunga ndoa katika kanisa hilihili na Bwana Oiva Pokka, fundi wa nguzo za umeme, mwanamume mpole aliyekuwa akizungumza zaidi akiwa juu ya nguzo kuliko akiwa chini, na Mungu akawajalia watoto wawili, Marketta aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1969, na Ilpo aliyezaliwa tarehe 19 Julai 1971, wote wapo hapa na familia zao.

Ni wakati wa uzazi huo wa Ilpo, Aune akiwa amelazwa hospitali, ndipo Profesa alipofika Kairalampi kwa gari lake jeupe. Alipokelewa kama mgeni anavyopokelewa, akapikiwa samaki wa mtoni, akala, akasema chumvi imezidi kidogo, akaoneshwa kibanda, na wakati wa kuondoka akazikusanya karatasi zote za miaka mitano, akazipakia nyuma ya gari.

"Mama, naziazima tu," alimwambia Bi Lempi.

"Aune anajua?"

"Aune apumzike na mtoto. Haya ni mambo ya kazi."

Hazikurudi. Mwaka uliofuata utafiti ulitoka Helsinki ukiwa na jina moja tu, la Profesa Holger Lagerstam, transfoma na redio na jua vikiwa vimeunganishwa vilevile kama vilivyounganishwa kwenye vikombe vya kahawa, na mwishoni, kwa herufi ndogo, akashukuriwa Bi A. Pokka kwa kubadilisha karatasi.

Aune aliusoma jikoni, mtoto akiwa begani, Oiva amekaa mlangoni anavua viatu.

"Niende nikamning'inize kwenye nguzo?" Oiva akauliza. "Ninayo moja nzuri karibu na stesheni."

"Usimguse," akasema Aune, akafunua ukurasa mwingine, akarudi nyuma, akasoma tena. "Mume wangu, amebeba na Jumamosi zetu."

"Jumamosi zipi?"

Basi alicheka mpaka mtoto akaamka, akamwambia, na Oiva naye akacheka, akaomba ruhusa ya kutuambia sisi wengine, akanyimwa, akatuambia.

Jambo lenyewe ni hili. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni Kairalampi nzima inawasha sauna, yaani chumba cha mvuke, ioge, na tangu waya wa umeme utufikie, shirika la umeme liliuza majiko ya umeme ya sauna kila nyumba, hata kwa wajane, kwa hiyo saa hiyo transfoma yetu moja inaelemewa, inaguna, umeme unazimia kidogo, na kwa kuwa kibanda kinakula umeme huohuo, kalamu zote mbili zinashuka pamoja. Aune hakuwahi kuliandika hilo kwenye karatasi, alikuwa anaziruka tu Jumamosi jioni akipiga hesabu zake, maana nani asiyejua watu wanaoga lini. Profesa hakujua. Yeye kichwani mwake watu wa kaskazini bado walikuwa wanachanja kuni, akaona kalamu zinashuka kila baada ya siku saba, akaiita Pumzi ya Siku Saba, akaandika kwamba jua linavuta pumzi kila wiki, na ulimwengu ukampigia makofi. Alialikwa huku na huko kwa pumzi hiyo, akavishwa nishani, na Aune akawa anazisoma habari zake, anazikunja, anatulia. Dada yake alimwambia, "Mseme sasa," naye akajibu, "Dada, mwache apande, hata nguzo haiangushwi kabla haijasimamishwa."

Mwezi Machi 1974 alitangaza kwamba muda umetimia, akamtuma Hilja nyumba kwa nyumba kuomba kijiji kizima wiki hiyo kisioge Jumamosi, kioge Jumatano. Wageni hamjui ombi hilo lilikuwa zito kiasi gani. Mzee Eemeli Tervo, Mungu amrehemu, alisimama mlangoni kwake akiwa ameshika brashi ya kusugulia farasi.

"Nimeoga Jumamosi tangu tukiwa chini ya Mrusi, leo unataka nioge Jumatano, kwani nimekufa?"

"Hujafa, mzee. Ni kwa ajili ya Aune."

"Kwa ajili ya Aune, au dhidi ya yule bwana aliyesema samaki wetu wana chumvi?"

"Dhidi ya yule bwana."

"Hapo umesema. Nitawasha mapema, na mama Tervo ataoga zamu yake peke yake, jiko liwake zaidi."

Jumatano ile kijiji kilioga kama kimeamriwa na mfalme, Jumamosi tukakaa na uchafu wetu, Jumapili mchungaji wa wakati ule akafungua madirisha ya kanisa kukiwa na baridi ya kukata masikio, na Aune akang'oa karatasi yake kwenye kibanda, akaikunja, akapanda treni.

Tarehe 18 Aprili 1974, katika ukumbi mkubwa wa Helsinki, Profesa alihutubia juu ya Pumzi ya Siku Saba mbele ya wageni wa nchi nyingi, na alipouliza kama kuna swali, marehemu alisimama.

"Mimi ni Aune Pokka, mbadilisha karatasi," akasema, na wachache wakacheka kwa adabu. "Naomba kumuuliza Profesa, nyumbani kwake wanaoga siku gani?"

"Bibi, hapa tunazungumzia jua."

"Na mimi nazungumzia sauna, Profesa, maana jua lako linawashwa Kairalampi kila Jumamosi saa kumi na moja."

"Kule wanatumia kuni," akasema Profesa, na wanaojua wanasema hapo ndipo uso wake ulipobadilika rangi, maana alilisikia kosa lake mwenyewe.

"Walitumia. Sasa wanatumia umeme, transfoma yao nimeichora mimi. Tena mwezi uliopita niliwaomba waoge Jumatano," akaifungua karatasi, ikateremka toka mkononi mwake mpaka sakafuni, "na jua likawa tiifu, likavuta pumzi Jumatano. Ukipenda, mwezi ujao nitawaomba waoge Jumatatu."

Mzee mmoja wa safu ya mbele, mtu wa Kemijärvi, huku kwetu kaskazini, alianza kucheka polepole kama gari linalowashwa kwenye baridi, kisha ukumbi mzima, na wageni waliokuwa wakitafsiriwa walicheka baadaye kidogo, kwa hiyo Profesa alichekwa mara mbili. Tangu siku ile anaitwa Profesa wa Jumamosi, na yeyote humu ndani anayejifanya hajawahi kulisikia jina hilo aangalie asije akachekea ndani ya shada lake.

Ingefaa historia iishie hapo, watu wanywe kahawa, lakini haikuishia. Aibu ya Jumamosi ilimrudia Profesa mwenyewe, lakini sehemu nyingine ya utafiti, ile iliyokuwa ya kweli, ile ya Aune, ilibaki na jina la Profesa, na kiti chake hakikutikisika. Marehemu aliomba uprofesa mwaka 1981 na tena mwaka 1986, mara zote mbili Profesa Lagerstam alikaa miongoni mwa waamuzi, na mara zote mbili akaeleza kwamba Daktari Pokka ni mhandisi mzuri wa kijijini. Alikuwa daktari kweli wakati huo, alitunukiwa shahada ya uzamivu chuo kikuu cha Oulu tarehe 25 Mei 1979, akapewa kofia na upanga kama desturi ya wahitimu wetu ilivyo, kofia ndiyo hiyo mnayoiona juu ya sanduku, na upanga aliutumia miaka yote kugandua barafu kwenye mlango wa kibanda. Mara ya pili aliponyimwa, dada yake alimkuta zizini ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, analia bila sauti, na alipoulizwa akasema ni vumbi la nyasi. Hakulia tena mbele ya mtu, ila kila Krismasi, mwaka hata mwaka, alimpelekea Profesa kadi yenye neno moja tu, "Umeoga?"

Kazi hakuiacha. Transfoma zake za kuhimili dhoruba zilifungwa kaskazini kote, na mwezi Machi 1989, jua lilipochafuka mpaka jimbo zima la nchi ya mbali ng'ambo ya bahari likakaa gizani, sisi Kairalampi tulikamua ng'ombe kwa mashine, tukawasha redio, ikakoroma, tukaizima, na taa hazikupepesa. Alistaafu tarehe 28 Februari 2001, akampoteza mumewe mpendwa Oiva tarehe 6 Novemba 2009, akaendelea kukisimamia kibanda peke yake, akiwasomesha wajukuu ngurumo za transfoma kama wengine wanavyosomesha nyimbo.

Marehemu alianza kuugua mwezi Septemba 2015, vipimo vikaonesha saratani ya kongosho, akalazwa Rovaniemi kuanzia tarehe 11 Januari 2016. Tarehe 2 Februari Profesa Lagerstam alifika wodini, dada wa marehemu akiwa ameketi palepale na soksi anayofuma, na hakuombwa kutoka, kwa hiyo hakutoka.

"Aune," akasema Profesa, "tumekuwa wazee."

"Wewe ni mzee. Mimi ni mgonjwa."

"Wananiandikia kitabu cha heshima. Sitaki kiandikwe na hili likiwa katikati yetu. Niambie tu kwamba yamekwisha."

"Yepi?"

Profesa alimwangalia Hilja, Hilja akaiangalia soksi.

"Unayajua," akasema.

"Nayajua, nataka nione kama na wewe unayajua. Wakutanishe walewale wa ukumbini, waliobaki hai, useme mbele yao kwamba kazi ile ilikuwa ya Aune. Neno moja tu. Ukilisema, njoo uchukue lako."

"Watu wale wamenijua maisha yangu yote, Aune."

"Ndiyo maana."

Alisema atafikiri. Alifikiri mwezi wa Februari mzima, alifikiri na Machi ilipoingia, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa Aune aligeuza kichwa, tusifichane, aligeuza, maana alikuwa tayari kumpa msamaha, na tarehe 9 Machi 2016, asubuhi, marehemu alifariki dunia akiwa na miaka sabini na minane, watoto wake wakimshika mikono.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi wa wodi, hasa Muuguzi Pirkko aliyemruhusu marehemu kuweka sikio kwenye sanduku la umeme la korido akisema linamliwaza, inawashukuru majirani waliolima theluji njia nzima ya makaburini bila kuombwa, wapishi wa supu ya kulungu inayotusubiri ukumbini, wafanyakazi wenzake wa ghorofa ya chini na wa ghorofa ya juu, ambao leo tumeona wameketi benchi moja, na mchungaji wetu kwa subira yake.

Sasa Profesa, zamu ya mashada inafuata, na kama desturi yetu ilivyo utakuja hapa mbele na kulisoma kwa sauti neno lililoandikwa kwenye utepe wa shada lako. Tumekwisha kuliona, limeandikwa "Kwa kumbukumbu ya ushirikiano mwema." Watu wa ukumbini waliobaki hai wamo humu karibu wote, Aune amewakusanya mwenyewe, kazi hiyo amekupunguzia. Unaweza kusoma utepe, unaweza kusema lile neno moja, unaweza kuliweka shada chini na kurudi kimya, hakuna atakayekuzuia, na kahawa utapewa kama wengine. Lakini ule mstari uliouomba hatuuweki, si kwa kukosa adabu. Jioni ya tarehe 8 Marketta alimuuliza mama yake tukujibu nini ukija, naye akasema, "Mwambieni amechelewa, huo naondoka nao." Alituachia nyumba, zizi, kibanda na upanga wenye kutu. Msamaha wako hakutuachia, umo humu ndani pamoja naye, na kifuniko kimeshafungwa kwa skrubu.

Aune, mdogo wangu, lala sasa, pumzika katika amani ambayo hukumgawia asiyeifanyia kazi.